Salmon P. Chase hakuwa mwenye benki: alikuwa wakili aliyeishika hazina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nisahihishe jambo moja katika makala yenu kuhusu noti za thamani kubwa za Marekani, na niongeze yale yaliyoachwa. Makala ilimtaja Salmon Portland Chase kwa sentensi moja tu: kwamba sura yake ndiyo iliyo kwenye noti ya dola 10,000, na kwamba Benki ya Chase ilikuwa yake. La noti ni kweli. Sura hiyo imo katika matoleo ya 1918, 1928 na 1934. La benki si kweli. Chase National Bank ilianzishwa New York mwaka 1877 na John Thompson, wakati Chase ameshakufa miaka minne, na jina lake liliwekwa kwa heshima tu.

Mtu huyu alikuwa wakili mjini Cincinnati, seneta, gavana wa Ohio, waziri wa fedha wa Abraham Lincoln kuanzia Machi 1861 hadi Juni 1864, kisha Jaji Mkuu wa Marekani mpaka alipofariki Mei 1873. Wengi wanaoandika juu yake huanzia hazina. Naona hapo ndipo wanapoteleza. Chase aliingia hazina akiwa hajawahi kuendesha benki wala duka. Alichokuwa nacho ni mazoea ya wakili ya kuisoma sheria neno kwa neno, na mazoea hayo ndiyo yaliyomponza mwaka wa kwanza, na ndiyo yaliyomsaidia baadaye kujenga mfumo wa benki ulioishi kuliko yeye.

Alizaliwa Cornish, New Hampshire, tarehe 13 Januari 1808. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka tisa, akalelewa kwa muda na baba yake mdogo, Askofu Philander Chase, huko Ohio. Alihitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1826, akafundisha shule ya wavulana Washington huku akisomea sheria kwa William Wirt, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na mwaka 1830 akahamia Cincinnati. Wateja walikuwa haba. Kazi iliyompa jina haikuwa kesi, ilikuwa kazi ya mezani: alikusanya sheria zote za Ohio tangu enzi za utawala wa awali mwaka 1788, akazipanga na kuzichapisha katika majuzuu matatu kati ya 1833 na 1835. Mawakili na mahakimu wa jimbo zima wakawa wanafungua kitabu chake. Na mtu aliyepekua karatasi hizo zote hakuweza kuikosa Amri ya 1787, iliyopiga marufuku utumwa katika nchi yote ya kaskazini mwa Mto Ohio.

Humo ndimo ilimotoka hoja yake ya maisha. Mwaka 1837 alimtetea Matilda, mwanamke aliyeletwa Cincinnati na bwana wake kutoka Missouri, akaondoka kwake na kupata kazi nyumbani kwa James Birney, mpinga utumwa. Chase aliiambia mahakama kwamba utumwa hauna mizizi katika sheria ya maumbile; unasimama kwa sheria ya mahali tu, na mtu akishatolewa mahali hapo kwa hiari ya bwana wake, kamba imekatika. Alishindwa. Matilda alirudishwa, akapelekwa kuuzwa New Orleans. Birney alishtakiwa kwa kumhifadhi, akatiwa hatiani, na katika rufaa Mahakama ya Juu ya Ohio ikamwachia kwa kasoro ya hati ya mashtaka: haikueleza kwamba alijua Matilda ni mtumwa. Mahakimu walikwepa hoja kuu. Mwaka 1847, katika kesi ya mkulima John Van Zandt aliyewabeba watu tisa waliotoroka Kentucky katika gari lake la farasi, Chase na wakili mwenzake William Seward waliifikisha hoja ileile Mahakama ya Juu ya Marekani. Wakashindwa tena. Lakini maandishi ya utetezi yalichapishwa na kusambazwa, na hoja iliyokataliwa mahakamani ikageuka ilani ya chama.

Siasa zake nazipitia haraka. Alijiunga na Chama cha Uhuru mwaka 1841, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Ardhi Huru mwaka 1848, na mwaka 1849 bunge la Ohio likamchagua kuwa seneta kwa makubaliano na watu wa Chama cha Democratic, makubaliano ambayo pia yalifuta sehemu kubwa ya sheria za kuwabagua watu weusi Ohio. Wapinzani wake hawakumsamehe dili hilo. Mimi naona lilikuwa na thamani yake. Alikuwa gavana kuanzia 1856 hadi 1860, wa kwanza wa chama kipya cha Republican katika jimbo hilo. Mwaka 1860 aliutaka urais akaukosa, na Lincoln akampa hazina. Alikuwa amechaguliwa tena kuwa seneta, na alikuwa ameketi Seneti siku mbili tu.

Hazina aliyoikuta ilikuwa tupu, na vita ya wenyewe kwa wenyewe, ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, ilikuwa mlangoni. (Vita hiyo watu wa pwani yetu waliionja madukani: pamba ya Kusini ilipozuiliwa, merikani, lile shuka la viwanda vya Massachusetts lililokuwa likishushwa Zanzibar na kubebwa na misafara hadi bara, liliadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake.) Agosti 1861 Chase alikaa na wenye benki wa New York, Boston na Philadelphia. Walikubali kuikopesha serikali dola milioni 150 kwa mafungu matatu ya milioni 50. Benki zote hizo kwa pamoja zilikuwa na dhahabu ya kama milioni 63. Tazama hesabu: mkopo ni zaidi ya mara mbili ya dhahabu iliyopo. Ungewezekana kwa njia moja tu, yaani fedha ibaki benki kama amana ya serikali, nayo serikali ilipe wakandarasi kwa hundi, ili hundi zizunguke na dhahabu itulie.

Chase alikataa. Sheria ya hazina ya 1846 ilitaka fedha za serikali zitunzwe na kulipwa kwa sarafu kutoka ofisi za hazina yenyewe. Bunge lilikuwa limelegeza kidogo kwa sheria ya tarehe 5 Agosti 1861, na wenye benki waliamini kwamba mlango umefunguliwa. Yeye aliisoma sheria hiyo kwa jicho la wakili mwangalifu, akaona imefungua ufa tu. Basi dhahabu ikaanza kuhamishwa kutoka benki kwenda ofisi ya hazina, ikalipwa kwa wenye mikataba ya nguo, farasi na baruti, kisha ikarudi benki kwa njia ya biashara. Kwa majuma kadhaa mzunguko huo ulifanya kazi, na wananchi walinunua hati za miaka mitatu zenye riba ya asilimia 7.30. Kiwango hicho kilichaguliwa kwa sababu mia moja ya dola inazaa senti mbili kila siku, na hata asiyejua hesabu za riba anaweza kuhesabu senti mbili.

Mzunguko ulikatika Desemba. Tarehe 9 Chase aliliwasilishia Bunge taarifa iliyoonyesha matumizi makubwa kuliko makadirio yake ya kwanza, na kodi alizopendekeza zilikuwa ndogo mno kuliko pengo. Siku chache baadaye ikafika habari kwamba Uingereza imekasirishwa na kukamatwa kwa wajumbe wa Kusini ndani ya meli yake, Trent. Watu wakaona vita ya pili inakuja. Aliyelipwa dhahabu akaificha badala ya kuirudisha, na tarehe 30 Desemba 1861 benki zikaacha kulipa dhahabu. Hazina ikafuata.

Wanaomtetea Chase husema Trent ndiyo iliyoharibu. Sikubaliani nao kikamilifu. Trent ilikuwa pigo la mwisho, lakini mkopo ulikuwa umeshaning'inia tangu siku ilipoamuliwa kwamba dhahabu itembee yenyewe. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa kuchelewa kutoza kodi. Kodi ya mapato ya Agosti 1861 ilikuwa asilimia 3 kwa kipato kinachozidi dola 800 kwa mwaka, na hakukuwa hata na idara ya kuikusanya. Idara ya mapato ya ndani ilikuja kwa sheria ya tarehe 1 Julai 1862.

Hapo ndipo zilipozaliwa noti zenye mgongo wa kijani. Za kwanza, zilizoidhinishwa Julai 1861, ziliahidi kulipwa kwa sarafu mara mwenye nazo azileta. Zilikuwa za dola 5, 10 na 20, na sheria ilitaka kila moja itiwe sahihi mbili kwa mkono, kwa niaba ya mweka hazina na msajili. Makarani walikaa safu kwa safu wakiandika majina yao siku nzima. Katika zile za mwanzo walilazimika kuandika pia maneno ya kuonyesha kwamba wanasaini kwa niaba ya mkubwa, mpaka maneno hayo yalipochongwa kwenye bamba la kuchapia ili kuokoa muda. Noti za 1862 zikaachana na utaratibu huo: sahihi zikachapwa, na muhuri wa hazina ukawekwa kuwa kinga. Karatasi kubwa zilichapwa na kampuni binafsi New York, zikaletwa Washington kukatwa. Mweka hazina Francis Spinner aliajiri wanawake kuzikata kwa makasi, jambo geni katika ofisi za serikali wakati ule. Kisha tarehe 29 Agosti 1862, katika chumba cha chini cha jengo la hazina, wanaume wawili na wanawake wanne walianza kukata noti na kuzipiga muhuri kwa mashine za kuzungushwa kwa mkono. Kiwanda cha noti cha Marekani kinahesabu umri wake tangu siku hiyo. Rangi ya kijani haikuwa pambo. Kamera za wakati ule zilinakili wino mweusi kwa urahisi, na wino wa kijani uliotumika ulikuwa mgumu kufutwa kwa dawa bila kuharibu maandishi meusi.

Sheria ya tarehe 25 Februari 1862 ilitoa noti za milioni 150 na kuzifanya malipo halali kwa kila deni, la serikali na la watu, isipokuwa mambo mawili: ushuru wa forodha, na riba ya deni la serikali. Msomaji anayetaka kuelewa fedha za vita hiyo ashike hayo mawili kwanza. Mwagizaji wa bidhaa alilazimika kutafuta dhahabu alipe forodha. Dhahabu hiyo ndiyo hazina iliyolipia riba ya hatifungani. Na kwa kuwa riba ni dhahabu, mtu akanunua hatifungani kwa noti za karatasi bila kuogopa. Chukua hatifungani ya dola 100 yenye riba ya asilimia 6. Ikiwa dola 100 za dhahabu zinauzwa kwa 150 za karatasi, zile dola 6 za riba ni sawa na dola 9 za karatasi. Faida hiyo ndiyo iliyomvuta fundi na mkulima.

Chase mwenyewe hakuitaka sheria hiyo. Aliyeiandika ni mbunge Elbridge Spaulding wa Buffalo, na waziri aliikubali kwa maandishi mwishoni mwa Januari kwa kuwa hazina haikuwa na njia nyingine. Yalifuata mafungu mengine mawili ya milioni 150, moja Julai 1862 na jingine Machi 1863. Ukomo ukawa milioni 450.

Ila noti hazikubeba vita. Takriban theluthi mbili ya gharama za Kaskazini ilitokana na mikopo, kiasi cha moja ya tano kodi, na sehemu ya nane hivi noti. Kusini walifanya kinyume, wakachapa zaidi ya nusu ya mahitaji yao, na bei zikapaa mpaka fedha yao haikununua kitu. Mikopo ya Kaskazini ilisimama juu ya hatifungani zilizoweza kulipwa baada ya miaka mitano na zilizopaswa kulipwa ndani ya ishirini, jumla ya milioni 500. Miezi ya kwanza zilidoda. Oktoba 1862 Chase alimpa kazi Jay Cooke wa Philadelphia kwa kamisheni ya nusu ya asilimia moja kwa milioni kumi za mwanzo, na tatu ya nane ya asilimia moja baada ya hapo. Cooke aliweka mawakala wapatao 2,500, akajaza magazeti matangazo, akauza vipande vya dola 50, na Januari 1864 hatifungani zote zilikuwa zimekwisha. Chase akadhani sasa ataweza kukopa kwa riba ndogo. Akaleta hatifungani mpya za asilimia 5. Zilisuasua, na hazina ikarudi kwenye hati za muda mfupi. Juni 1864 Bunge likapiga marufuku biashara ya kununua dhahabu kwa ahadi ya siku za mbele, likidhani litashusha bei. Bei ikaruka, sheria ikafutwa tarehe 2 Julai, na mwezi huohuo dola 100 za dhahabu zikafika karibu 285 za karatasi. Noti ya dola moja ilikuwa na thamani ya senti 35 hivi.

Kazi yake iliyodumu ni ya benki za taifa, sheria za tarehe 25 Februari 1863 na 3 Juni 1864. Kabla yake kila benki ya jimbo ilichapa noti zake, aina kwa maelfu, na muuza duka alihitaji kijitabu cha kumwonyesha ipi nzima, ipi ya bandia, ipi ya benki iliyokufa. Utaratibu mpya ulikuwa hivi. Watu wasiopungua watano wanachanga mtaji: dola 50,000 katika mji wenye watu wasiozidi 6,000, dola 100,000 mahali pakubwa zaidi, 200,000 katika jiji la zaidi ya watu 50,000. Nusu ya mtaji inalipwa kabla ya kufungua mlango. Angalau theluthi moja ya mtaji, na isipungue dola 30,000, inanunuliwa hatifungani za serikali na kukabidhiwa hazina. Kisha Mdhibiti wa Sarafu huko Washington anawapa noti zisizozidi asilimia 90 ya thamani ya hatifungani hizo, zenye umbo moja nchi nzima ila jina la benki na sahihi za wakuu wake. Benki ikianguka, hazina inauza hatifungani na kuwalipa wenye noti. Hapa ndipo wakili anapoonekana: noti imewekewa rehani, na rehani iko mikononi mwa mtu wa tatu.

Benki za majimbo ziligoma kuhama. Machi 1865 Bunge likaweka kodi ya asilimia 10 juu ya noti zao, ianze kutozwa 1866, na hapo hakuna aliyepata faida kuzitoa tena. Mwaka 1866 benki za taifa zilizidi 1,600.

Chase hakuwepo hazina kuyaona hayo. Alikuwa na desturi ya kuandika barua ya kujiuzulu kila alipokwaruzana na Lincoln, na huku watu wake walikuwa wakimpigia debe la urais. Juni 1864 yeye na Lincoln waligombania nani awe mweka hazina msaidizi New York, akaandika tena, na safari hiyo Lincoln akaikubali. Jaji Mkuu Roger Taney alipofariki Oktoba, Lincoln akamteua Chase kuwa Jaji Mkuu. Tarehe 1 Februari 1865 John Rock, mtu mweusi kutoka Boston, aliapishwa kuwa wakili mbele ya mahakama ileile ambayo mwaka 1857, chini ya Taney, ilisema watu weusi hawawezi kuwa raia. Mwaka 1868 Chase aliongoza kesi ya kumwondoa Rais Andrew Johnson katika Seneti, akasisitiza ifuate taratibu za mahakama, na chama chake kikamchukia kwa hilo.

Kesi inayobishaniwa mpaka leo ni ya Hepburn na Griswold. Bibi Hepburn wa Kentucky aliahidi tarehe 20 Juni 1860 kumlipa Griswold dola 11,250, na deni lilikuwa liive tarehe 20 Februari 1862, siku tano kabla ya sheria ya noti. Aliposhtakiwa mwaka 1864 alileta noti za dola 12,720, deni pamoja na riba na baadhi ya gharama. Griswold alitaka dhahabu. Tarehe 7 Februari 1870 Chase aliandika hukumu: deni la kabla ya sheria haliwezi kulipwa kwa noti, kwa kuwa Bunge halina mamlaka ya kuvunja ahadi za watu namna hiyo. Aliyekuwa waziri amebatilisha sehemu ya sheria aliyoitumia mwenyewe, akasema kwamba wakati wa ghasia za vita haukuwa wakati wa kutafakari.

Wapo wanaomwita kigeugeu. Mimi naona hukumu ilikosea na mtu hakuwa kigeugeu. Miezi miwili tu kabla, Desemba 1869, katika kesi ya Benki ya Veazie, aliandika yeye mwenyewe kwamba ile kodi ya asilimia 10 ni halali, kwa sababu Bunge lina haki ya kuipa nchi sarafu moja. Mwenye kukubali hilo anapata taabu kueleza kwa nini Bunge lisiweze kusema sarafu hiyo inalipa deni. Chase alitofautisha kutoa noti na kumlazimisha mdai azipokee. Tofauti hiyo ni ya kisheria kweli, ila mwaka 1862 hakuna askari ambaye angeweza kununua viatu nayo. Siku ileile ya hukumu Rais Grant aliteua majaji wawili kujaza nafasi zilizokuwa wazi, William Strong na Joseph Bradley, na Mei 1871, kwa kura tano dhidi ya nne, mahakama ikageuza uamuzi. Strong aliandika hukumu ya walio wengi. Chase aliandika ya upinzani, akishikilia kwamba noti zilikuwa mkopo halali wa serikali na kwamba kumlazimisha mdai wa zamani azipokee hakukuwa halali.

Ni mimi msomaji wenu,
Dar es Salaam